Mkono wa Nani? Kulifuata Neno la Kinyaa na Ukinzani hadi Kiebrania

Mwaka 1925 Yerusalemu ilipungukiwa na maji. Mvua zilikuwa haba, na mji uliozoea kuishi kwa maji ya mvua yaliyohifadhiwa chini ya nyumba ulianza kuona kiu. Serikali ya Waingereza, iliyoitawala Palestina kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, ikazitupia macho chemchemi za Urtas, kijiji cha wakulima karibu na Bethlehemu. Ikatungwa sheria ya kuyavuta maji yale hadi mjini. Wanakijiji, ambao bustani zao ziliishi kwa chemchemi hizo, wakaenda mahakamani. Kesi ikapanda ngazi, na hatimaye ikasimama juu ya neno moja la Kiingereza: je, sheria ile ilikuwa "repugnant" mbele ya Hati ya Udhamini iliyowapa Waingereza madaraka yao?

Majaji wa Yerusalemu walisema ndiyo, wakaitengua sheria. Mwaka 1926 baraza la rufaa la London likasema la, likairudisha. Wanasheria huisoma kesi hii hadi leo kwa ajili ya mipaka ya madaraka na fidia ya mali. Mimi nimeisoma kwa ajili ya neno. Palestina ya wakati ule ilikuwa na lugha tatu rasmi, Kiingereza, Kiarabu na Kiebrania, na sheria zilipaswa kuchapishwa katika zote tatu. Maneno ya mtawala yalipita kwanza mikononi mwa mfasiri. Mkazi wa London wa leo akilisikia neno hili anafikiria nyama iliyooza, au tendo la kutia kinyaa. Mfasiri wa Kiebrania aliyelikuta katika karatasi za serikali alikuwa na nini mkononi?

Nilianza kwa kurudi lilikozaliwa. Chanzo chake ni Kilatini: "repugnare", kupigana kwa kurudisha, kupinga kwa nguvu. Ndani yake mna "pugnus", ngumi. Hamna harufu mbaya, hamna kichefuchefu. Katika Biblia ya Kilatini kitenzi hiki kinaonekana kwenye Matendo ya Mitume, sura ya 5, pale Gamalieli anapowaonya wazee wa baraza la Yerusalemu wawaache mitume, wasije wakajikuta wanapigana na Mungu. Kwa maandishi, basi, neno hili lilikwisha kuhusishwa na Yerusalemu zaidi ya miaka 1,500 kabla ya majeshi ya Uingereza kuingia huko. Lilikuwa na ngumi tu. Kinyaa kilidandia wapi?

Kiingereza kililipata kupitia Kifaransa mwishoni mwa Zama za Kati, kikalitumia kwanza kwa mambo yanayogongana. Shakespeare, katika Hamlet, mwanzoni mwa karne ya 17, alilitumia kwa upanga wa mzee Priam, mfalme wa Troya, upanga uliogoma kuutii mkono wake. Mwaka 1690 mwanafalsafa John Locke aliyaeleza maarifa kuwa ni kutambua kupatana au kupingana kwa mawazo yetu, na kwa upande wa kupingana alichagua neno la ukoo huu. Hakuna anayetapika katika kurasa hizo. Kinyaa kilipanda polepole, kutoka akili isiyokubali hadi mwili usiokubali, mpaka katika mazungumzo ya kawaida kikaifunika maana ya zamani. Wanasheria ndio walioshikilia ile ya kale. Waliishikilia ikiwa safi?

Hapo ndipo shaka yangu ilipoota mizizi. Mwaka 1865 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria juu ya uhalali wa sheria za makoloni, baada ya jaji mmoja wa Australia Kusini kuzitengua sheria za huko mara kwa mara, akisema zinapingana na za Uingereza. Bunge likalifunga neno: sheria ya koloni itakuwa "repugnant" ikiwa tu inagongana na sheria ya Bunge iliyokusudiwa kutumika katika koloni lile. Hicho ni kipimo kikavu. Unaweka maandishi mawili sambamba, unatazama kama yanagongana. Lakini dola ile ile iliandika neno lile lile mahali pengine, na huko haikulifunga. Huko ni wapi?

Ni hapa kwetu. Tanganyika nayo ilikuwa nchi ya dhamana. Hati ya Mfalme katika Baraza ya mwaka 1920 iliziruhusu mahakama kufuata mila za wenyeji, madhali hazikuwa "repugnant" kwa haki na maadili. Mwaka 1938 ikaja kesi ya mila ya Wanyaturu: ng'ombe wa baba walikuwa wamekamatwa kulipia kosa la mwanawe. Mahakama ikajiuliza haki na maadili ya nani, ikajijibu kwamba mahakama ya Kiingereza barani Afrika haina kipimo ila cha Kiingereza. Hapa hakuna maandishi mawili ya kuweka sambamba. Upande mmoja kuna mila, upande wa pili kuna nafsi inayokataa. Wala neno halijastaafu, kwani Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 159, inalitumia bado kuziwekea mpaka njia za jadi za kusuluhisha migogoro. Mtu anaweza kukubali kabisa kwamba si haki kumlipisha baba kosa la mwanawe, na bado akauliza: siku ile kilichopimwa kilikuwa mgongano, au karaha?

Mwandishi wa Kiingereza anaweza kulikwepa swali hilo, maana neno lake moja linabeba yote mawili. Mfasiri hana pa kujificha. Ndiyo sababu njia ya Kiebrania ilinivuta. Lakini mlangoni tu nikakutana na simulizi inayopendwa sana: kwamba lugha hii ilikuwa maiti kwa takriban miaka 2,000, akaja mtu mmoja akaifufua, na kwamba maneno yake mengi yalitengenezwa mezani. Mtu huyo ni Eliezer Ben-Yehuda. Aliwasili Yafa mwaka 1881, juzuu ya kwanza ya kamusi yake kubwa ikatoka mwaka 1908, akafariki mwaka 1922, na kazi ikakamilishwa na wengine mwaka 1959. Kama simulizi hiyo ni kweli yote, basi neno la kinyaa cha Kiebrania lingekuwa na umri wa bibi zetu tu. Je, ndivyo?

Ushahidi unaipunguza simulizi bila kumpunguzia mtu heshima yake. Kiebrania hakikuacha kusomwa, kuandikwa wala kusaliwa. Wayahudi wa jamii mbalimbali mjini Yerusalemu, wasio na lugha nyingine ya pamoja, walikuwa wakikitumia sokoni kabla ya mwaka 1881. Walimu wa shule katika vijiji vipya, kama kile cha Rishon LeZion, waliwafundisha watoto kwa Kiebrania mchana kutwa wakati kamusi ile ilikuwa bado haijachapwa. Na nilipoyafuata maneno ya kukataa na kuchukia, moja baada ya jingine, niliyakuta katika Torati, katika Ayubu, na katika Mishna na Talmudi, vitabu vya mapokeo ya sheria ya Kiyahudi. Hayakutengenezwa. Yalipewa kazi mpya. Kazi zao za zamani zilikuwa zipi?

Tuanze na lile la wanasheria. Kwa mambo yanayogongana, Kiebrania kina "setira". Ukilichimba unakuta kifusi, kwa kuwa maana yake ya awali ni kubomoa. Mishna, katika sura ya 7 ya kitabu cha Sabato, inaorodhesha kazi 39 zilizokatazwa siku hiyo, na kubomoa kumo, pamoja na kujenga. Baadaye neno likapelekwa kwa maneno yanayobomoana. Mwanafalsafa wa Kiyahudi Maimonides, katika utangulizi wa Mwongozo wa Waliotatizika, alitaja sababu saba zinazofanya vitabu vigongane vyenyewe kwa vyenyewe. Aliuandika kwa Kiarabu, na mwaka 1204 Samuel ibn Tibbon, kusini mwa Ufaransa, akaukamilisha kwa Kiebrania. Lugha iliyokuwa na uwezo wa kubeba hoja za namna hiyo karne ya 13 ingeshindwaje na karatasi za serikali ya karne ya 20?

Haikushindwa. Hata jina la hati kuu ya Waingereza ya kuitawala Palestina, ya mwaka 1922, lilipatiwa Kiebrania chake, maneno yenye maana ya "neno la mfalme katika baraza lake". Baada ya mwaka 1948 ulazima wa kutumia Kiingereza ulifutwa, na sheria za zamani zikaanza kuandikwa upya kwa Kiebrania. Sheria ya Israeli ya mwaka 1981 kuhusu tafsiri ya sheria, inapofika pale ambapo mtunga sheria wa Kiingereza hupenda kuweka "repugnant", inazungumzia jambo "lisilokaa" pamoja na jingine. Kubomoa na kutokukaa pamoja. Hayo ni maneno ya fundi mwashi na ya mpangaji. Kwa nusu ya ngumi, mfasiri alikuwa salama. Na ukinzani wa watu, ule wa kusimama na kusema hapana, ulipata wapi jina?

Huo ulitoka katika "neged", mbele ya, mkabala na. Katika Mwanzo sura ya 2, msaidizi anayefanyiwa Adamu anaelezwa kwa neno hilo, na wafafanuzi wa Kiyahudi waliona humo njia mbili: mtu anayesimama mkabala nawe anaweza kukusaidia, na anaweza kukupinga. Kutoka hapo ikaja "hitnagdut", upinzani. Karne ya 18, Wayahudi waliopinga harakati ya Kihasidi, hasa katika Lithuania, walijulikana kwa jina la mzizi huo, wapinzani. Mahakamani leo wakili anayepinga swali hutumia kitenzi hicho hicho. Ni neno la miguu miwili iliyokanyaga chini. Nalo halina harufu. Basi je, ni kweli lile dai jingine, kwamba Kiebrania kilitenganisha kabisa hoja na tumbo?

Dai hilo lina mvuto, kwa sababu linafanya kazi ya mfasiri iwe rahisi: sheria kulia, kinyaa kushoto. Nikalipeleka kwenye neno la kawaida kabisa la kinyaa, "go'al", lile ambalo mtoto wa Tel Aviv hulitamka akifungua chupa ya maziwa yaliyochacha. Kitenzi chake kimo katika Mambo ya Walawi sura ya 26, tena mara tano. Mungu anaahidi kwamba nafsi yake haitawachukia watu wake. Anawaonya nafsi zao zisizichukie hukumu zake. Anatishia kuwachukia, anaeleza jinsi walivyozichukia amri zake, na mwisho anasema kwamba hata wakiwa uhamishoni hatawachukia kiasi cha kuwaangamiza. Tazama kinachochukiwa na watu hapo. Si uozo wala mzoga. Ni sheria. Kinyaa na uasi vimo katika kitenzi kimoja, ndani ya sura moja. Nani basi alivitenganisha?

Kabla ya kufika mbali, ilinibidi kuifunga njia moja ya uongo. Kwa herufi za Kilatini, "go'al" ya kinyaa inafanana mno na "ge'ula", ukombozi, na wapo wanaojenga mahubiri mazima juu ya mfanano huo: kwamba karaha ndiyo mama wa uhuru. Msomaji aliyepita chuoni akafundishwa Kurani anajua haraka mahali pa kutazama. Moja ina aini, nyingine ina alifu. Waisraeli wengi leo hutamka herufi hizo kwa namna moja, lakini maandishi hayajazichanganya. Ni mizizi miwili. Mahubiri ni mazuri, ushahidi haupo. Tukiuacha ukombozi kando, kitenzi cha aini kilimaanisha nini hasa kabla ya kuwa kinyaa?

Ayubu sura ya 21 inatoa fununu: fahali wa mtu mwovu humpanda jike, na mbegu yake haitupwi. Kitenzi ni hicho hicho. Kutupa, kutema, kutokushika. Kisha kuna Samweli wa Pili, sura ya 1, Daudi anapomlilia Sauli aliyeanguka vitani katika mlima Gilboa. Ngao ya mashujaa, anasema, huko "imekataliwa", ngao ya Sauli isiyopakwa mafuta. Wafasiri wameshindana: imetiwa unajisi, au imetupwa kwa dharau? Ngao za ngozi zilipakwa mafuta ili silaha iteleze. Hapa chombo cha kupigania kimekutana na kitenzi cha kinyaa, juu ya mlima mmoja. Kilatini kilianza na ngumi kikaishia tumboni. Kiebrania kingeweza kuwa kimeyashika yote mawili tangu mwanzo?

Jibu moja liko jikoni. Mishna, kitabu cha Avoda Zara, sura ya 5, inaeleza la kufanya na vyombo vilivyonunuliwa kwa wasio Wayahudi, vilivyotumika kwa chakula kisichoruhusiwa: vingine huzamishwa majini, vingine huchomwa motoni, na vingine hufanyiwa "hag'ala", neno la mzizi huo wa kinyaa. Maana yake ni kukilazimisha chombo kiteme kilichokunywa. Kabla ya Pasaka, katika mitaa ya Wayahudi wa dini Yerusalemu, masufuria makubwa mno hutandikwa barabarani juu ya moto, maji yakitokota. Watu hupanga foleni na sufuria, vijiko na visu vyao. Anayesimamia hukitia chombo ndani kwa wavu au koleo, huhakikisha maji yamekifunika chote, hukitoa, kisha hukisuuza kwa maji baridi. Chungu cha udongo hakipokelewi. Talmudi inasema chenyewe hakiachi kamwe kilichokiingia. Huku kutema si hisia, ni kazi inayofanywa kwa moto na muda. Kwa hiyo mfasiri angeandika "go'al" na kurudi nyumbani?

Hapana, maana ya leo ya "go'al" imekuwa nzito ya tumbo, haiwezi tena kubeba hoja. Nikageukia kitenzi cha pili, "quts". Rebeka anakitumia mwishoni mwa Mwanzo 27 kusema amechoshwa na maisha yake kwa sababu ya wake wa Esau. Waisraeli jangwani, Hesabu 21, wanakitumia kwa mana waliyoikinai. Halafu kipo Kutoka sura ya 1, na hapo nilisimama. Wamisri wanawatesa Waisraeli. Kadiri wanavyowatesa, ndivyo wanavyozidi kuongezeka. Na Wamisri wanapatwa na "quts" kwa ajili yao. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasema walihuzunika. Tafsiri za karibuni zinasema waliogopa, au walichukizwa. Talmudi inasikia humo neno la miiba, kana kwamba Waisraeli walikuwa miiba machoni mwao. Ni nini hiki ambacho ni hofu na kinyaa kwa pamoja?

Ni hali ya mtawala. Anayekandamiza anaona mwili wa aliyekandamizwa ukikataa kupungua, na mwili wake mwenyewe unakataa kumtazama. Ukinzani uko upande mmoja, karaha iko upande wa pili, na kila kimoja kinakilisha kingine. Sijakuta mahali pengine panapoonyesha kwa ufupi hivi jinsi mambo haya mawili yanavyoweza kuingia katika neno moja. Lakini kwa Kiebrania cha leo kitenzi hicho kimekuwa zaidi cha kuchoshwa na kukinai. Je, kuna neno lililobaki na nguvu zote mbili?

Nilidhani nimelipata katika Hesabu 11. Watu wanalilia nyama, wanaahidiwa kware mpaka watokwe nao puani. Hali watakayofikia inaitwa "zara", neno linaloonekana katika Biblia ya Kiebrania mara hiyo moja. Wayahudi walioifasiri Torati kwa Kiyunani, karne ya tatu kabla ya Kristo, waliandika hapo "cholera". Mfasiri wa Kilatini akaandika kichefuchefu. Wengine wameliunganisha na "zar", mgeni, kitu ambacho mwili unakiona si chake. Kwa neno linalotokea mara moja, kila mtu ana ruhusa ya kukisia. Leo msemaji wa Kiebrania husema kwa neno hili kwamba jambo limerudiwa mpaka linachosha. Lina shibe, halina ukinzani. Njia hii nayo imeishia ukutani. Tumebakiwa na lipi?

Limebaki "slida". Kamusi za leo huliweka kwa karaha ya mtu mzima, ile inayohusu tabia, siasa au maneno, isiyohitaji kuziba pua. Mzizi wake umo katika Biblia mara moja tu, Ayubu 6, aya ya 10, na hapo wafasiri wametawanyika kama kuku walioona mwewe. Biblia ya mwaka 1611 inasema Ayubu atajikaza katika huzuni. Ya Kiyunani inamrusha. Wengine wanamshangiliza katika maumivu yake. Kukaza, kuruka, kushangilia: hayo hayafanani, na hakuna hata moja lenye kinyaa. Kwa Ayubu peke yake, "slida" ya leo isingeeleweka. Nani aliiokoa?

Waliiokoa wapishi, au tuseme wanavyuoni waliokuwa wakijadili upishi. Talmudi ya Babeli, kitabu cha Sabato, ukurasa wa 40, inauliza ni kiasi gani cha kupasha moto maji au mafuta kinahesabika kuwa ni kupika, kazi isiyoruhusiwa siku ya Sabato. Jibu ni joto ambalo "mkono unarudi nyuma" kwalo, na kitenzi ni cha mzizi wa "slida". Unagusa, mkono unajitoa kabla hujaamua. Hakuna hoja iliyotolewa, na bado kuna kukataa. Hakuna ngumi iliyokunjwa, na bado mwili umepinga. Huu ndio mwendo ambao neno la Kiingereza lilichukua karne nyingi kuusafiri, kutoka kupinga hadi kuchukizwa, na hapa umetimia kwa mguso mmoja. Je, hili ndilo neno?

Kwa maoni yangu, kwa maana ya leo ya "repugnance" nje ya mahakama, ndilo. Nimelipima dhidi ya wenzake. "Go'al" ni la tumbo mno, "hitnagdut" ni la miguu mno, "setira" ni la vitabu mno. Na lina sifa moja ambayo Kiingereza kimeipoteza. Anayesema "repugnant" anakibandika kitu sifa, kana kwamba uchukivu unakaa ndani ya kitu chenyewe, kama chumvi ndani ya bahari. Kitenzi cha "slida" kinamtaka mtendaji: mimi narudi nyuma kutoka kwa jambo fulani. Aliyechukizwa hawezi kujificha nyuma ya alichochukizwa nacho. Lakini hapo panazuka tatizo ambalo mwanasheria yeyote angeliona mara moja. Mikono haifanani. Wa mpishi umezoea moto, wa karani haukuzoea. Joto litapimwa kwa mkono wa nani?

Wanavyuoni wale waliuliza wao wenyewe. Katika ukurasa ule ule wa Talmudi swali linatolewa waziwazi, mkono unaorudi nyuma ni kiasi gani, na jibu halikabidhiwi mkono wa mwamuzi. Kipimo ni kitu ambacho tumbo la mtoto mchanga lingebabuka kwacho. Wanavyuoni wa karne zetu wametafuta tarakimu, wengi wakianzia nyuzi 45 za Selsiasi na wengine wakitaja viwango vya juu zaidi, na ubishi unaendelea. Lakini kanuni iko wazi. Ukitaka kutunga sheria juu ya kurudi nyuma kwa mkono, usiutumie mkono wako. Tafuta ngozi laini kuliko zote zilizopo, umuulize yule atakayeungua kwanza. Kanuni hiyo ingesema nini katika kesi zile mbili nilizoanza nazo?

Ingewataka waliosema "repugnant" wachague. Kama wanamaanisha "setira", waoneshe maandishi mawili yanayobomoana, nasi tutayasoma. Kama wanamaanisha "slida", waseme mkono wa nani umerudi nyuma, kisha wapime kwa ngozi ya aliye dhaifu: mkulima wa Urtas na bustani yake isiyo na maji, mkazi wa mjini na mtungi wake mtupu, baba wa Kinyaturu na ng'ombe wake, na pia yule aliyekosewa na mwana wa baba huyo. Huenda hukumu zingebaki zile zile. Sidai vinginevyo. Ninachodai ni kwamba mfasiri wa Kiebrania alilazimika kulipasua neno ambalo watawala walikuwa wakilitumia likiwa zima, na mpasuko huo ni faida. Sisi nasi tunalo neno hilo katika sheria zetu. Tunapolifasiri kwa Kiswahili tusiridhike na kuandika "kinyume na haki na maadili" na kupita. Tudai tuambiwe kama kuna mgongano au kuna karaha, na kama ni karaha, ni ya nani.